Namna ya kutumia neno la Kijapani "darashinai" bila kukosea

Kamusi nyingi humpa mwanafunzi wa Kijapani tafsiri moja ya darashinai: mchafu, ovyo, asiyejipanga. Kosa huanzia hapo. Mchukue fundi makenika aliyetoka chini ya gari, ovaroli nyeusi kwa grisi, lakini vifungo vimefungwa hadi juu na mikono imekunjwa sawasawa. Huyo ni mchafu, ila hayuko darashinai hata kidogo. Sasa mtazame karani aliyevaa shati jeupe pee lililotoka kwa dobi asubuhi ileile, upande mmoja umechomekewa na mwingine unaning'inia juu ya mkanda. Huyo ndiye darashinai.

Neno hili linahusu ulegevu. Kuna kitu kilichopaswa kufungwa, kukazwa, kuchomekewa au kuzuiwa, kikaachwa kilegee. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata: aina ya mavazi yanayoitwa hivyo, kwa nini mdaiwa sugu naye huitwa hivyo, na kwa nini neno hili humchoma mtu kuliko kuambiwa tu kwamba nguo yake ina doa.

Hatua ya 1: Litamke

Huandikwa kwa hiragana, mwandiko wa silabi wa Kijapani: だらしない. Lina mapigo matano: da-ra-shi-na-i. Irabu ni zetu zilezile, na sh ni ile ya "shamba". Herufi r ni mguso mmoja mwepesi wa ulimi kwenye ufizi, kama r ya "habari" ukiitamka haraka, usiiviringe. Kijapani hakitenganishi r na l, kwa hiyo ulimi unaopenda kubadilishana hizo mbili hapa umesamehewa.

Sauti huanza chini kwenye da, hupanda kwenye ra na kubaki juu mpaka na, kisha huanguka kwenye i. Mswahili ana bahati, kwa sababu mkazo wetu hupenda silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa silabi hiyo ni na, mahali penyewe ambapo sauti iko juu kabla ya kushuka. Tatizo ni kwamba sisi tukikaza silabi huwa tunaivuta kidogo, ikawa "darashinaai". Kijapani huhesabu mapigo, na pigo lililovutwa huwa pigo la ziada. Gonga meza kwa kidole mara tano, kwa mwendo ule ule, ukitamka pigo moja kila unapogonga. Baada ya mara kumi hivi utasikia tofauti mwenyewe.

Hatua ya 2: Lifungue uone limejengwaje

Ndani kuna vipande viwili: darashi na nai. Nai ni "hakuna" au "hana". Wasomaji wa Kenya wanaifahamu nai hii kupitia mottainai, neno la kusikitikia upotevu wa kitu chenye thamani, ambalo Wangari Maathai alilichukua Japani mwaka 2005 akalitangaza duniani. Mottainai na darashinai zimejengwa kwa mtindo mmoja.

Lakini darashi ni nini? Peke yake haina maana. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba neno la awali lilikuwa shidara, yaani hali au mpangilio wa mambo, na shidara nai alikuwa mtu asiye na mpangilio. Kwetu tungesema "hana mpango". Watu wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, walikuwa na mchezo wa kugeuza silabi: kiseru, yaani kiko cha tumbaku, kikawa seruki, na shidara ikawa darashi. Ni kinyume kilekile wanachocheza watoto wa pwani yetu, isipokuwa wao walipeleka silabi ya kwanza nyuma, ilhali sisi huleta ya mwisho mbele. (Kwa kinyume cha kwetu shidara ingekuwa rashida, na akina Rashida wangekuwa na kesi ya kujibu.) Mchezo ulikwisha, neno likabaki.

Shidara yenyewe imesalia ndani ya neno fushidara, ambalo siku hizi ni mwenendo mbovu wa kimaadili, hasa mambo ya mapenzi. Usilitumie kwa mtu aliyesahau kufunga kifungo. Utakuwa umemtukana.

Kulifungua neno kunakukinga na kosa moja kubwa. Wanafunzi wengi, wakiona nai ni "hana", hutafuta "mwenye nayo" na kusema darashi ga aru. Hakuna kitu kama hicho. Ukitaka kumsifu mtu aliyejipanga, sema kichinto shite iru au chanto shite iru.

Hatua ya 3: Linyambue

Ni kivumishi cha kundi la i, kwa hiyo i ya mwisho ndiyo inayobadilika:

- darashinai: ni mlegevu, yuko ovyo
- darashinakatta: alikuwa hivyo
- darashinaku: kielezi, "kwa ulegevu"
- darashinakute: akiwa hivyo na tena, au kwa sababu ni hivyo
- darashinasa: nomino, ulegevu wenyewe
- darashinasasō: anaonekana kuwa mtu wa namna hiyo

Umbo la mwisho ndilo linalowasumbua watu. Kwa vivumishi vya kawaida, "inaonekana" hupatikana kwa kuondoa i na kuweka sō: oishii, tamu, huwa oishisō. Kwa maneno ambayo nai yake ni ile ya "hakuna", sa huingia katikati. Ukisema darashinai sō da umebadilisha maana kabisa. Hiyo ni "nasikia ni mlegevu", yaani umeletewa umbea.

Kwa heshima ongeza desu: darashinai desu, na wakati uliopita darashinakatta desu. Darashinai deshita ni kosa, na darashinai na hito ni kosa vilevile, kwa sababu kijineno "na" huwekwa kwenye vivumishi vya kundi jingine. "Mtu mlegevu" ni darashinai hito. Unaweza pia kuachanisha vipande: ano hito wa darashi ga nai, na kabla ya nomino darashi no nai hito. Maana haibadiliki, ila umbo hili refu lina uzito kidogo wa mtu mzima anayekemea.

Kukanusha, darashinakunai, kupo kisarufi, lakini kunasikika kizito mdomoni. Tumia chanto shite iru ile ya hapo juu.

Hatua ya 4: Pima kama kweli ni ulegevu

Kabla ya kulitumia, jiulize: je, kuna kitu hapa ambacho mtu angekikaza, angekifunga au angekichomekea, kisha kikawa sawa? Kama jibu ni ndiyo, darashinai inafaa. Kama dawa ni sabuni, pasi au pesa ya kununua nguo nyingine, tafuta neno jingine katika hatua ya 6.

Tai ndiyo mfano mzuri kupita yote. Mwaka 2005 wizara ya mazingira ya Japani ilianzisha kampeni iitwayo Kūru Bizu: maofisini joto la ndani liwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na wafanyakazi waache koti na tai. Leo mtu asiye na tai mwezi wa Agosti haitwi darashinai na yeyote. Lakini mtu aliyevaa tai, akaishusha hadi kifungo cha tatu, huitwa hivyo Agosti na Januari. Asiyevaa tai amefanya uamuzi. Aliyeilegeza ameiacha njiani.

Mfano wa pili ulionekana na nchi nzima. Februari 2010 mchezaji mmoja wa Japani wa snowboard, ubao wa kuteleza kwenye theluji, alisafiri kwenda Olimpiki ya Vancouver akiwa na sare rasmi ya timu, suruali imeshushwa nyongani, tai imelegea, shati limetoka nje. Malalamiko yalimiminika, na mwishowe akazuiwa kuhudhuria sherehe ya ufunguzi. Malalamiko hayakuwa ya uchafu. Mtindo ule wa suruali wanauita koshipan, koshi ikiwa ni nyonga. Ni mlegezo, au kata K, na kwetu wazee wameusema maneno yaleyale. Angevaa suruali hiyo na fulana mtaani Shibuya, Tokyo, wengi wangeona ni mtindo tu. Ni ile sare, ambayo ina namna yake ya kuvaliwa, iliyoufanya mlegezo kuwa darashinai.

Kwa hiyo angalia pia kusudi. Mtu anayelegeza mavazi kwa hesabu, akijua anachofanya, Wajapani wana kitenzi chake: kikuzusu, kuvunja taratibu ya vazi kimtindo. Kimono ikifunguka yenyewe kwa sababu ya kutembea, kola ikaachana na mkanda ukashuka, hiyo huitwa kikuzure. Kikuzusu inaweza kusifiwa. Kikuzure hurekebishwa faraghani. Darashinai ni pale mwenye vazi anapoona na hajali.

Hebu tuitazame sentensi moja kwa karibu:

シャツのすそがだらしなく出ている。
Shatsu no suso ga darashinaku dete iru.

Shatsu no suso ni upindo wa shati, ile sehemu ya chini inayopaswa kuwa ndani ya suruali. Ga inaonyesha kwamba upindo ndio unaozungumziwa, si mtu. Dete iru: umetoka na bado uko nje. Darashinaku imekaa mbele ya kitenzi kama kielezi, kwa hiyo sentensi inasema umetoka kwa namna ya ulegevu. Ondoa neno hilo, ubaki na shatsu no suso ga dete iru, na utakuwa umetoa taarifa tu, shati limetoka. Shati la batiki au la Hawaii linalovaliwa nje lingeelezwa hivyo bila lawama. Lawama yote imo ndani ya mapigo yale matano.

Nje ya mavazi, ulegevu huohuo huonekana kwenye mwili. Mtu aliyejimwaga kwenye kiti mpaka anakalia mgongo ana darashinai shisei, mkao mlegevu. Anayelala kwenye treni mdomo wazi: kuchi o darashinaku akete nete iru. Tumbo lililoachwa likalegea nalo huitwa hivyo. Kuna hata ulegevu wa furaha: babu akimwona mjukuu, mashavu yanamwachia na macho yanalainika, huo ni uso wa darashinai, na anayesema hivyo huwa anacheka.

Mwisho kuna ulegevu wa moyo. Kore kurai de naku nante, darashinai, "kulia kwa jambo dogo hivi, umelegea kweli". Timu iliyofungwa bila kupigana huambiwa neno hilohilo. Hapa hakuna nguo wala nywele, lakini kipimo ni kilekile: ungeweza kujikaza, hukujikaza.

Hatua ya 5: Weka kijineno "ni" mahali pake

Ukitaka kusema mtu ni mlegevu katika jambo fulani, jambo hilo hufuatwa na "ni":

- jikan ni darashinai: hajali muda, ni mchelewaji wa kudumu
- okane ni darashinai: hana nidhamu ya pesa, hukopa na kusahau
- sake ni darashinai: pombe inamshinda
- onna ni darashinai: mwanamume asiyetulia kwa wanawake

Ukiweka "ga" au "wa" badala ya "ni", sentensi hugeuka. Okane ga darashinai ingemaanisha pesa zenyewe ndizo zilizolegea, na msikilizaji atabaki akikutazama. Kwa muda watu husema pia jikan ni rūzu, neno lililotoka kwenye Kiingereza, na hilo ni jepesi kidogo. Rūzu inaeleza tabia, darashinai inahukumu. Kwa mwajiri au mwenye nyumba, kuambiwa mtu fulani ni okane ni darashinai yatosha kufunga mlango.

Hatua ya 6: Chagua kati ya majirani zake

Hapa ndipo kazi ilipo, maana Kijapani kina maneno mengi ya mtu au kitu kilicho rafu, na kila moja lina mahali pake.

*Kitanai* ni uchafu wa kweli: tope, grisi, jasho, vumbi. Yule fundi makenika nguo zake ni kitanai, au kwa adabu zaidi yogorete iru, zimechafuka. *Fuketsu* ni uchafu wa kiafya, kucha zenye weusi mahali pa chakula, kwa mfano. Kinyume chake, seiketsukan, ni ile hali ya kuonekana msafi, na utaisikia sana wanapozungumzia usaili wa kazi.

*Misuborashii* ni uchakavu unaoonyesha ufukara. Mzee mwenye koti lililokwisha viwiko lakini limepigwa pasi na kufungwa vizuri anaweza kuonekana misuborashii. Darashinai hawezi kuitwa. Tajiri mwenye suti ya bei mbaya aliyoiacha wazi na mkanda unaning'inia ni darashinai, na misuborashii haimhusu. Ukiwaweka hao wawili kichwani hutayachanganya maneno haya tena. Ila misuborashii usimtamkie mtu, hata kwa huruma.

*Musakurushii* lina uzito wa kubanana na kukera jicho: chumba kidogo cha kapera chenye nguo chafu na hewa nzito, au mwanamume mwenye ndevu za siku tano na nywele ndefu zisizoguswa. Lakini lina kazi ya pili ambayo lazima uijue, kwa sababu utaisikia mlangoni:

むさ苦しいところですが、どうぞお上がりください。
Musakurushii tokoro desu ga, dōzo oagari kudasai.

"Ni pahala pa hovyo, lakini karibu upande ndani." Nyumba itakuwa inang'aa. Ni unyenyekevu, sawa na mwenyeji wetu anayeita jumba la vyumba vitano "kibanda changu". Usikubaliane naye, na usianze kukagua sebule. Pokea kwa ojama shimasu, "naingia kukusumbua", vua viatu, vipange vikielekea mlangoni. Na wewe mgeni kamwe usiliseme neno hilo kuhusu nyumba ya mwenzako. Ni la mwenye nyumba peke yake.

*Migurushii* ni kisichopendeza kutazamwa, iwe mavazi au kitendo, kama mtu anayetafuta visingizio baada ya kushindwa. Nalo lina umbo la kuomba radhi: omigurushii tokoro o omise shimashita, "samahani kwa kuona jambo lisilopendeza". Linatosha ukimwaga chai mbele ya wageni, au ukilia kikaoni.

*Zubora* ni tabia ya uzembe wa kukwepa hatua: anayekula kwenye sufuria ili asioshe sahani. Mtu hujiita zubora akitabasamu. Kujiita darashinai ni kukiri kosa.

Kwa chumba au meza iliyojaa vitu shaghalabaghala, wageni wengi husema heya ga darashinai. Msemaji wa Kijapani atakuelewa, lakini hivyo yeye hasemi. Sema heya ga chirakatte iru, chumba kimetapakaa vitu. Darashinai humshika mwenye chumba, au maisha yake: darashinai seikatsu ni maisha ya kulala mchana, kula ovyo na kuacha vyombo jikoni siku tatu.

Kisha kuna maneno ambayo mengi yake ni ya kurudiarudia, jamaa za "timutimu" na "legelege" zetu. Haya ndiyo yanayoeleza kitu kwa usahihi, na mara nyingi ni salama kuliko kivumishi, kwa kuwa yanataja kinachoonekana na kumwacha mtu mwenyewe:

- bosabosa: nywele timutimu, hazijachanwa
- yoreyore: kitambaa kilichochoka, kimepoteza ukakamavu, kama kola ya fulana ya miaka sita
- shiwakucha: nguo yenye makunyanzi, haijaona pasi
- dabudabu: nguo pana kuliko mwili, si lazima iwe kosa
- boroboro: imechanika, imekwisha

Kwa kidevu kilichoachwa bila kunyolewa siku mbili tatu kuna bushōhige, yaani "ndevu za uvivu", jina linalojieleza.

Kuhusu nywele, msomaji mwenye nywele za kipilipili achukue tahadhari ya ziada. Bosabosa ni nywele zisizotunzwa, na hilo ni la kulalamikia ukiambiwa baada ya kuchana nusu saa. Lakini chirichiri, na chijirege, huelezea umbile la msokoto tu. Mojamoja ni wingi na mchafuko wa nywele; hutegemea sauti ya msemaji. Ukihitaji kueleza kwamba ndivyo zilivyoota, sema umaretsuki kono kami desu, "nywele hizi ni za kuzaliwa nazo". Shuleni jambo hili limekuwa zito: ziko shule zilizodai wanafunzi wenye nywele zisizo nyeusi au zisizonyooka walete jige shōmeisho, hati ya kuthibitisha kwamba nywele ni za asili. Mzazi anayeandikisha mtoto Japani aulize mapema.

Hatua ya 7: Jua nani anamwambia nani

Darashinai hushuka: mzazi kwa mtoto, mwalimu kwa mwanafunzi, kocha kwa timu, mke kwa mume aliyelala kochini na soksi moja. Halipandi. Kwa bosi, mteja, mwalimu au mtu mliyefahamiana juzi, haliwezekani hata ukilipamba kwa desu. Kwa wa rika moja, litumie pale tu ambapo mnataniana.

Unapotaka mtu ajirekebishe, taja kitu na umwache mwenyewe ahitimishe:

Shatsu ga dete imasu yo: shati limetoka.
Nekutai ga magatte imasu yo: tai imepinda.
Botan ga hazurete imasu yo: kifungo kimefunguka.

Sema kwa sauti ndogo, ukiwa karibu, kabla ya kuingia kikaoni na si baada ya kuketi. Yo ya mwisho hapa ni ya kumjulisha asichokiona, kama "angalia" yetu; ukiikaza kwa sauti ya kushuka inakuwa karipio.

Kwako mwenyewe liko huru. Mtu akigonga mlango ukiwa na kaptura ya kulalia, sema konna kakkō de sumimasen, "samahani nilivyovaa hivi". Darashinai kakkō de inawezekana pia, ila konna, "ya namna hii", inatosha, maana anaona.

Na ukiambiwa wewe? Usijitetee kwamba nguo ni safi. Umekwishaona kwamba hilo halikuwa swali. Jibu sumimasen, naoshimasu, "samahani, narekebisha", na urekebishe hapohapo. Sehemu zinazowaponza wageni ni chache: upindo wa shati nyuma, ambao mwenyewe huuoni; kamba za viatu; mkanda wa begi unaoburuzika; na viatu vilivyokanyagwa visigino. Hicho cha mwisho kina jina lake, kakato o fumu, na wengi wetu hukifanya bila kufikiri kwa sababu Japani mtu huvua na kuvaa viatu mara nyingi kwa siku. Dawa ni kutumia kutsubera, kile kibao cha kuvalia viatu, ambacho hukaa karibu na mlango nyumba nyingi.

Zoezi

Soma hali, chagua neno, kisha tazama jibu.

Mwenzako hukopa yen elfu mbili kila mwezi na hakumbuki kulipa. *Okane ni darashinai*, na usimwambie mbele za watu.

Meza ya jirani yako ofisini imefunikwa karatasi. *Chirakatte iru*.

Mtoto wa miaka 10 anatoka kwenda shule, begi wazi, fulana nje, viatu kavikanyaga visigino. *Darashinai yo, chanto shinasai*, "umelegea, hebu jipange vizuri". Hapa neno limefika nyumbani kwake.

Shati lako limekaa kwenye sanduku safari nzima kutoka Dar es Salaam. *Shiwakucha*. Limekunjamana tu, litie pasi.

Kola ya mkuu wa idara imesimama upande mmoja. Hakuna neno la kuchagua. *Eri ga tatte imasu yo*, polepole, halafu utazame pembeni mpaka aishushe.